Matunzo ya Mtoto wa Maskini ni Haki, si Hisani

SHUKRANI zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, kisha akamjaalia nguvu baada ya udhaifu huo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekulia katika uyatima, pamoja na jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaoifuata njia yao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda tulizungumzie jambo ambalo husemwa zaidi katika ofisi za serikali na vikao vya wafadhili kuliko katika mimbari zetu. Jambo hilo ni msaada wa serikali kwa malezi ya watoto wadogo wa familia zenye kipato duni. Swali letu ni hili: serikali inapotoa fedha ili mtoto wa maskini ale, atibiwe na apate wa kumwangalia, je, inatoa sadaka kwa hiari yake, au inalipa haki ya mwenyewe?

Jibu la swali hili lina uzito mkubwa. Kinachotolewa kwa hisani hukatwa wakati wowote, na mpokeaji hunyamaza kwa kuwa hana la kudai. Lakini haki hudaiwa, hulindwa, na mwenye kuila ataulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Sisi twasema, kwa dalili tutakazozitaja, kwamba matunzo ya mtoto wa maskini ni haki yake katika mali ya umma, na kwamba haki hiyo haimwondolei baba wajibu wake, wala haiwaondolei Waislamu wa mtaani wajibu wao.

Mnyororo wa wajibu

Katika Suratul-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameeleza habari ya mtoto mchanga kwa urefu unaomfanya msomaji azingatie. Humo tunafunzwa kwamba kina mama huwanyonyesha watoto wao miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Kwamba chakula na mavazi ya mama huyo ni juu ya baba, kwa wema. Kwamba hakalifishwi mtu ila kwa kadiri ya uwezo wake. Na kwamba haijuzu mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, wala baba kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Kisha aya ikaendelea kusema kuwa mrithi naye ana wajibu mfano wa huo.

Tutazame mpangilio huo. Mtoto hakuachwa mikononi mwa mtu mmoja. Yupo mama wa kunyonyesha, yupo baba wa kugharamia, na asipokuwapo baba, wapo jamaa warithi. Je, jamaa nao wakiwa hawana kitu? Hapo Mtume (S.A.W.) alitoa jibu katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim. Alifundisha kwamba anayekufa akaacha mali, mali hiyo ni ya warithi wake, na anayeacha deni au wategemezi wasio na wa kuwaangalia, basi hao ni juu yake yeye Mtume (S.A.W.). Aliyasema hayo akiwa kiongozi wa umma, na hazina ya umma ilipoanza kupata mali. Kwa hiyo kiungo cha mwisho cha mnyororo ule ni dola. Si jirani mwema aliyeguswa na huruma, bali mwenye mamlaka, ambaye ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Kilio cha usiku katika zama za Sayyidna Umar (R.A.)

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), aliyeshika ukhalifa tangu mwaka 13 hadi 23 Hijria, yaani 634 hadi 644 Miladia. Yeye ndiye aliyeanzisha daftari la kuandika majina ya watu na posho zao kutoka Baitul-mali.

Ibn Saad amesimulia katika Tabaqat kwamba msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina ukapiga kambi mahali pa kusalia. Sayyidna Umar akamwomba Abdulrahman bin Auf (R.A.) wakaulinde usiku ule. Wakiwa katika ulinzi, Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mungu na amtendee wema mwanawe. Akarejea mahali pake, kilio kikaanza tena, naye akamrudia mama yule kwa maneno yale yale. Usiku ulipokaribia kwisha akakisikia tena, safari hii akamkemea kuwa ni mama mbaya, kwa kuwa mtoto hakutulia usiku kucha. Mama yule, bila ya kujua anazungumza na nani, akaeleza kwamba anamwachisha ziwa na mtoto anakataa. Alipoulizwa sababu ya haraka hiyo, akajibu kuwa Umar hampangii posho mtoto ila aliyekwisha kuachishwa ziwa. Na mtoto wenyewe alikuwa wa miezi michache tu.

Sayyidna Umar akaswalisha Alfajiri, na watu hawakuweza kuyapambanua aliyokuwa akiyasoma kwa wingi wa kilio chake. Alipotoa salamu alijilaumu mbele ya watu kwa watoto wa Kiislamu walioangamia kwa sababu yake. Kisha akamwamuru mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, kwani tangu siku ile kila mtoto anayezaliwa ataandikiwa posho. Akaandika amri hiyo kwenda katika nchi zote zilizokuwa chini yake. Imepokewa kuwa kiwango kilikuwa dirhamu 100 mtoto anapozaliwa, na kikafikishwa 200 anapokua.

Ndugu msomaji, kisa hiki kinasomwa sana katika darsa zetu, lakini mara nyingi tunaishia kwenye machozi ya Khalifa. Tuyatazame na mengine yaliyomo. Kwanza, posho ile iliandikwa kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Haikuwa zawadi kwa mzazi mpendwa wa watawala. Pili, sharti la kusubiri mtoto aache ziwa halikuwekwa kwa ubaya. Pengine lilionekana la busara kwa anayehesabu mali, kwani anayenyonya hali mkate. Lakini sharti lililoandikwa katika daftari liliingia ndani ya mahema ya maskini likabadili namna mama anavyomlea mwanawe, hata likamnyima mtoto haki aliyopewa na Qur'ani. Tatu, Umar kwanza alimlaumu mama, kama wafanyavyo wakubwa wengi. Alipouliza sababu ndipo alipogundua kwamba kosa limo katika kanuni yake mwenyewe, naye hakungoja ripoti ya mwaka. Aliibadili asubuhi ile ile.

Ipo habari nyingine, iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik. Mtu mmoja wa Bani Sulaym, aitwaye Sunayn Abu Jamila, aliokota mtoto mchanga aliyetupwa, akamleta kwa Sayyidna Umar. Khalifa alimuuliza kwa nini amemchukua, naye akajibu kuwa alimkuta anapotea. Msimamizi wa kabila lake akashuhudia kuwa huyo ni mtu mwema. Umar akahakikisha ushahidi huo, kisha akamwambia aende naye, na kwamba gharama za mtoto zitakuwa juu ya serikali. Hapa tunapata kanuni kamili ya msaada wa malezi: mlezi anachunguzwa tabia yake kwanza, kisha anakabidhiwa mtoto, na Baitul-mali inalipa.

Hali yetu leo

Kutokana na misingi hiyo, sasa tutazame nyumbani kwetu Tanzania. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaofahamika kwa jina la TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Katika awamu yake ya tatu, iliyozinduliwa Agosti 2012, ulianza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao uliandikisha zaidi ya kaya milioni moja, Bara na Visiwani. Kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020. Kaya iliyoandikishwa ilipewa ruzuku ya msingi, na yenye watoto iliongezewa ruzuku yenye masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, na aliyefikia umri wa shule ahudhurie masomo. Wapokeaji walio wengi walikuwa wanawake. Aidha, kaya zenye watu wenye nguvu zilipewa kazi za muda, kama vile kutengeneza barabara, kuchimba malambo na kupanda miti, ili wapate ujira.

Ndugu zetu wa Kenya nao walianza mwaka 2004 kuzipa fedha kaya zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira magumu, wakianzia kwa majaribio Garissa, Kwale na Nairobi. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Fedha hizo zimenunua unga, sare za shule na dawa, na zimewafanya baadhi ya kina mama kufuga kuku na kuanzisha biashara ndogo ndogo. Asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu.

Hata hivyo, liko pengo ambalo hatuna budi kulitaja. Mtoto wa maskini anapozaliwa, zahanati humpima na kumchanja. Akifikisha takriban miaka mitano, shule humpokea, kwani Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada katika elimu ya msingi. Je, baina ya umri huo na huo, mchana kutwa, mtoto huyo yuko na nani?

Mwajiriwa wa ofisini ana ahueni kidogo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Lakini mama lishe, muuza maandazi, mkulima wa mwani na mwanamke anayefua nguo za watu hawana mwajiri wa kuwapa siku hata moja. Akilala nyumbani, watoto hulala na njaa. Kwa hiyo atambeba mtoto mgongoni kwa mbeleko hadi kwenye moshi na jua, au atamwacha kwa jirani asiyemjua vizuri, au atamwachia dada yake mwenye miaka minane, ambaye kwa sababu hiyo hatakwenda shule wala madrasa. Tunamsomesha mtoto mmoja kwa ruzuku na tunamfungia nyumbani mwingine kwa kukosa wa kumlea mdogo wake!

Jambo la kutia moyo ni kwamba Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, ikimtazama mtoto tangu kutungwa mimba hadi miaka minane. Humo yametajwa mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mipango ikiandikwa vizuri ni heri, lakini maandishi hayambebi mtoto. Lazima pawepo mahali salama, mlezi aliyefunzwa, na fedha ya kumlipia mtoto ambaye mama yake hana uwezo.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba nchi tajiri zimeyafanya. Uingereza ilipitisha sheria ya posho ya familia mwaka 1945, ikiwa imechoshwa na vita na imejaa madeni, na baada ya mjadala mkali ikaamuliwa fedha hiyo apewe mama mkononi. Marekani mwaka 1990 ilitunga sheria ya kuzisaidia familia za kipato cha chini kulipia malezi ya mchana ili wazazi waende kazini. Lakini Madina ya Sayyidna Umar haikujua viwanda wala benki, na bado mtoto mchanga aliandikwa daftarini. Kinachotangulia ni kukiri kwamba mtoto ana haki. Hesabu hufuata baadaye, kwa kadiri ya uwezo.

Shaka zinazosemwa misikitini

Tumesikia shaka kadhaa zikisemwa na Waislamu wenzetu, na si vyema kuzipuuza.

Shaka ya kwanza ni kuwa Muislamu hapaswi kunyoosha mkono, kwa kuwa mkono wa juu ni bora kuliko wa chini. Hadithi hiyo ni sahihi, na kuombaomba kumekatazwa kwa asiye na dharura. Lakini kuandikishwa katika mali ya umma si kuombaomba. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Umar mwenyewe kwamba mali inayomjia bila ya yeye kuitamani wala kuiomba, aichukue. Mama mjane anayekataa ruzuku kwa kuona haya anaitoa haki isiyo yake pekee. Ni haki ya mwanawe.

Shaka ya pili ni kuhusu asili ya fedha, kwa kuwa sehemu kubwa ya mpango huu imegharamiwa kwa mikopo kutoka Benki ya Dunia. Twasema kwamba maskini aliyeandikishwa hakuingia mkataba wowote, na Qur'ani imetufundisha kuwa hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Mali ikishaingia katika hazina ya umma, haki ya mwenye njaa inaambatana nayo. Mjadala wa namna nchi inavyokopa ni mjadala wa wenye madaraka na wanazuoni, na usigeuzwe kuwa sababu ya kumnyima mtoto uji.

Shaka ya tatu ni kuwa mahali pa mama ni nyumbani, na kwamba kumpeleka mtoto kwa mlezi ni desturi ya kigeni. Tunakubali kwamba hakuna wa kufanana na mama, na kwamba baba mwenye uwezo hana udhuru wa kumwacha mkewe ahangaike. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa jangwani na Bibi Halima wa Bani Saad. Na aya ile ile ya 233 imeruhusu wazazi kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine, maadamu wanamlipa kwa wema. Aidha, Qur'ani imetusimulia mabinti wawili wa Madyan waliokuwa wakichunga mifugo kwa sababu baba yao ni mzee sana. Dini iliyowataja kwa heshima wanawake hao haimdharau mjane anayeuza vitumbua.

Nini kifanyike

Kwa serikali, tunatoa nasaha tatu. Ya kwanza, ruzuku ya kaya maskini iongezwe fungu la malezi ya mchana kwa mtoto aliye chini ya umri wa shule, liwe la kumlipia katika kituo kilichosajiliwa au kwa mlezi aliyethibitishwa. Na panapotolewa kazi za muda kwa kina mama maskini, patengwe pia kivuli, maji na mtu wa kuwaangalia watoto, au mama anayenyonyesha apewe stahili yake bila ya jembe.

Ya pili, masharti yapimwe kwa kipimo cha Sayyidna Umar. Sharti la kumpeleka mtoto kliniki ni jema. Lakini pale zahanati iko mbali na mto umefurika, kukata fedha ya kaya ni kumwadhibu mtoto kwa kosa la barabara. Mtendaji aulize sababu kabla ya kukata, kama Khalifa alivyouliza kabla ya kuondoka. Na viongozi watoke. Waende mitaani bila ya msafara wala kutangazwa, kwani kilio cha mtoto hakisikiki ndani ya gari lililofungwa vioo.

Ya tatu, amana ilindwe. Nchi nzima iliwahi kuzungumzia kaya hewa na majina ya wasiostahiki yaliyoingizwa katika orodha huku wajane wakiachwa. Anayeandika jina la nduguye mwenye duka akaliacha la yatima asome Suratun-Nisaa, aya ya 10, ajue wanachokila matumboni mwao wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Wala haijuzu kwa kiongozi yeyote kuigeuza ruzuku kuwa chambo cha kura. Mtoto hana chama.

Kwa kina baba, twasema bila ya kuficha: fedha ya serikali haikufutii nafaka. Suratut-Talaq, aya ya 7, imemtaka mwenye wasaa agharamie kwa wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika alichopewa. Baba anayepunguza matumizi ya nyumbani siku mkewe anapopokea ruzuku, au anayemnyang'anya akaitumia katika starehe zake, au aliyemtaliki mama kisha akasema serikali itawalea, huyo amekula mali ya mwanawe. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuwa na dhambi kuwatelekeza wale anaopaswa kuwalisha.

Kwa sisi wa misikitini, maimamu, walimu na wajumbe wa kamati, wajibu wetu ni mkubwa zaidi ya kulalamika. Madrasa zetu nyingi hufungwa asubuhi yote, kwa kuwa wanafunzi wako shule. Hujaa alasiri tu. Majengo hayo yapo katikati ya mitaa ya maskini, kando ya maji ya udhu. Kwa nini yasiwe mahali pa kulelea watoto wadogo wakati mama zao wakitafuta riziki?

Jambo hili si ndoto. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliomba msaada wa Taasisi ya Aga Khan, na kutokana na ombi hilo ukaanza Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, zilizounganisha mafunzo ya dini na malezi ya kisasa ya watoto wadogo. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa nguzo yake tangu mwanzo. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mabinti wa mitaani walifunzwa ualimu, wazazi na kamati zao wakashika usimamizi, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa makuti, vifuu na vibao. Waliyoyafanya wenzetu miaka 40 iliyopita, sisi leo hatuna udhuru wa kushindwa.

Lakini tusiingie kwa pupa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayotumika Bara imeweka utaratibu wa vituo vya kulelea watoto mchana, nao ni wa kufuatwa. Kituo kisajiliwe, kiwe na choo safi, maji ya kunywa, uzio, na walezi wa kutosha kwa idadi ya watoto. Mlezi achunguzwe kwa mashahidi waaminifu, kama Sayyidna Umar alivyomchunguza Abu Jamila. Kanzu, kilemba au buibui si cheti cha uaminifu, na kamati inayomficha mwenye kumdhuru mtoto ili kuhifadhi jina la msikiti imeshiriki katika dhulma hiyo. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji bakora. Anahitaji uji, usingizi, mchezo na sura fupi fupi za kuhifadhi kwa upole.

Gharama za kituo zitoke wapi? Wenye uwezo walipe ada. Wasio na uwezo wamo katika Suratut-Tawba, aya ya 60, iliyowataja mafakiri na maskini mwanzo wa orodha ya wanaostahiki Zaka. Wenye mali waweke wakfu: chumba kimoja cha duka, minazi kumi, au boti moja ya uvuvi, mapato yake yaende kwenye uji wa watoto. Na serikali ikija na fungu lake, ikute mahali pa kuliweka. Hapo ndipo mnyororo unapokamilika: baba anatoa alichonacho, jamaa wanasaidia, Waislamu wanafungua mlango, na Baitul-mali inajaza palipopungua.

Tunamalizia kwa kukumbusha tabia moja ya Mtume wetu (S.A.W.). Amepokea Bukhari kwamba alikuwa akiingia katika swala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuchelea kumtaabisha mama yake. Swala ndiyo nguzo ya dini, na ilifupishwa kwa kilio cha mtoto na kwa ajili ya mama aliyesimama safu za nyuma. Basi bajeti, kikao na kanuni ni vitu gani hata visibadilishwe kwa ajili ya kilio hicho hicho?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awahifadhi watoto wetu na watoto wa wasio na kitu, awape viongozi wetu masikio ya kusikia na mioyo ya uadilifu, na atujaalie sisi tuwe miongoni mwa wanaotekeleza wanayoyahubiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.